Duka la Mama Kwenye Karatasi Tatu

Mimi ni mtu wa nyumbani. Wengine husema hivyo wakimaanisha wanapenda familia. Mimi namaanisha sipendi kutoka. Niliishi Toronto miaka sita kabla sijaliona ziwa, na hata siku niliyoliona ilikuwa kwa sababu mke wangu alipotea njia kwenye barabara kuu. Kwa hiyo watu wakiniuliza nilichaguaje chuo nawaambia ukweli: nilichagua kwa ramani ya mabasi. Palikuwa na basi moja kutoka mtaani kwetu Downsview, hubadilishi njiani, linakushusha karibu na mlango. Kama basi hilo lingekuwa linakwenda kwenye chuo cha mapambo ya kucha, leo ningekuwa napaka watu rangi.

Ilikuwa baada ya uchumi kuyumba, maghala ya mizigo kule Malton, karibu na uwanja wa ndege, yakaanza kupunguza watu. Nami nikapunguzwa. Serikali ya jimbo wakati huo ilikuwa inawalipia ada baadhi ya walioachishwa kazi ili wasomee kitu. Ofisa aliyenihoji akaniuliza elimu yangu. "Kidato cha nne," nikamjibu, nikakaa wima. Divisheni ya tatu sikuitaja, naye hakuuliza. Akapekuapekua kwenye kompyuta yake, akanipangia kozi ya mwaka mmoja ya uendeshaji wa maghala na usafirishaji. Yaani nikiwa na miaka arobaini na moja, nikapelekwa shule kusomea kazi ambayo nilikuwa nimeshafukuzwa.

"Si mbaya," mke wangu akasema. "Safari hii ukifukuzwa utakuwa na cheti."

Chuo chenyewe kilikuwa cha umma, majengo ya matofali yenye rangi ya chai ya maziwa, yamezungukwa na maegesho ya magari. Ukikitazama kwa mbali ungedhani nacho ni ghala. Ndani majengo yaliunganishwa kwa korido, ukaweza kutoka upande huu hadi ule katikati ya majira ya baridi bila kuvaa koti, na kwa hilo nilikipa chuo heshima zangu zote. Darasani tulikuwa mchanganyiko: vijana waliotoka sekondari juzi, vifaa vya muziki masikioni, akina mama waliotoka moja kwa moja kwenye zamu ya usafi, wakisinzia kwa adabu, wanaume wa rika langu waliokuja na chakula kwenye vikopo vya aiskrimu. Halafu palikuwa na wale waliotoka nchi za nje kwa viza ya masomo. Hao walilipa ada mara kadhaa ya wenyeji, kwa kiti kilekile na mwalimu yuleyule. Ungewajua kwa jinsi walivyowahi darasani. Mimi, ambaye sikulipa hata senti, nilikuwa nachelewa.

Siku ya kwanza mwalimu alipoita majina, binti mmoja wa mstari wa mbele akaitika na kusimama. Darasa zima likamtazama, naye akakaa haraka. Nikajua huyu ni wa kwetu. Alikuwa Mkenya, wa pande za Molo, umri wa miaka ishirini, amepanga chumba cha chini ya ardhi kwenye nyumba ya watu. Baba yake alikuwa ameuza kiwanja mjini ili alipe ada ya mwaka ule mmoja. Alinieleza hayo kwenye foleni ya kahawa, bila kulalamika, kama mtu anayekutajia kabila lake. Wa tatu wetu alikuwa Mkongo wa Bukavu, dereva wa malori wa zamani, anakaa mtaa wa Regent Park na watoto wanne. Alinisikia nikiongea na mke wangu kwenye simu, akanifuata korido nzima kunisalimia.

Siku ileile tukaenda duka la vitabu la chuo. Kitabu cha kozi kilikuwa kinene, kimefungwa kwa nailoni kama nyama ya kununua. Mkongo akakigeuza akaona bei, akakirudisha rafuni taratibu, kama mtu anayelaza mtoto.

"Mukubwa," akaniambia, "hii kitabu kimoja ni chakula ya nyumba yangu mwezi muzima."

"Aki anko, na mimi hiyo ni nusu ya renti," akasema binti.

Kwetu sote watatu jibu lilikuwa moja, wala hatukujadiliana. Sekondari niliyosoma mimi, kitabu kimoja kilikuwa cha dawati zima. Tukakinunua kwa mchango, na kwa vile kitabu kimoja hakiwezi kulala nyumba tatu, swali likawa kilale wapi. Mimi nikajitolea kwa haraka iliyowagusa sana mioyo. Hawakujua kwamba kikilala kwangu, basi na wao watakuja kwangu, nami sitalazimika kubaki chuoni hata dakika moja baada ya darasa.

Ndivyo sebule yangu ilivyogeuka kuwa shule. Kila Jumapili mchana, baada ya binti kutoka kanisani, tulikaa mezani, mimi kwenye kiti cha mwenyekiti. Nilikuwa na sifa mbili za ualimu: nilikuwa mkubwa kwa umri, na nyumba ilikuwa yangu. Nilisoma sura kwa sauti, nikatunga majibu, nikawaamuru: "Andikeni." Nao waliandika. Mke wangu, akipita na sufuria, aliiita shule ya kata. Binti yetu, aliyezaliwa hukuhuku, anayeelewa Kiswahili chote na kujibu kwa Kiingereza, alituuliza kwa nini watu wazima watatu wanasema sentensi moja kwa pamoja.

Mwalimu wetu alikuwa mzungu wa makamo, mwenye ndevu nyeupe na kofia, aliyewahi kusimamia malori. Wiki moja kabla ya mtihani wa katikati ya muhula akatugawia maswali sita. Akasema mawili kati ya hayo ndiyo yatakayotoka. Nilimwangalia kama mtu aliyerukwa na akili. Kwetu mwalimu anayetoa maswali kabla ya mtihani anaitwa na bodi ya shule. Nikawaambia wenzangu: tukishindwa huu, turudi makwetu kwa miguu.

Jumapili hiyo nikatunga majibu yote sita. Swali la tatu lilitaka tueleze, kwa mfano kutoka maisha yetu wenyewe, kwa nini bidhaa iliyotangulia kuingia ghalani itangulie kutoka. Nikawasomea jibu, kwa Kiingereza changu, ambalo kwa Kiswahili lingekuwa hivi: "Mama yangu alikuwa na duka dogo Korogwe, karibu na stesheni. Kila mkate mpya ulipoletwa aliupanga nyuma, na ule wa jana akauvuta mbele. Siku moja mimi, kwa uvivu, niliuweka mpya mbele. Baada ya siku nne tulikuwa na mikate kumi na miwili yenye ukungu, na mama yangu hakuhitaji kitabu ili kunieleza sababu."

Ile sentensi ya mwisho niliipenda mno. Niliwarudisha mara tatu hadi wakaisema bila kukosea. Yale maneno "maisha yetu wenyewe" niliyaona, sitasema sikuyaona. Niliyachukulia kama maua ya kwenye ukingo wa sahani, hayaliwi. Sisi tulivyofundishwa, jibu zuri ni mali ya yeyote anayeweza kulibeba. Mwalimu anaamuru, unanakili, na siku ya mtihani unamrudishia mzigo wake ukiwa salama, haujapungua hata koma. Kubadilisha neno lake kulikuwa ni utovu wa adabu.

Swali la tatu likatoka. Tulikaa mbalimbali, kila mmoja pembe yake, tukaandika. Nilimwona binti akitabasamu peke yake. Nikajisikia mwalimu kweli.

Barua pepe zikaja baada ya wiki, kila mtu na yake, maneno yaleyale. Nadhani hata waliotuandikia walinakiliana. Tunatuhumiwa kudanganya katika mtihani, tufike ofisini kwa mratibu wa kozi siku fulani, na ikithibitika, mtihani ule ni sifuri.

Kwangu sifuri ilikuwa aibu. Kwa Mkongo ilikuwa hasira. Kwa binti ilikuwa ndiyo mwisho. Alinipigia simu. Halafu akanipangia kwa utulivu, hatua kwa hatua. Akipata sifuri, amefeli somo. Akifeli somo, haendi kwenye mafunzo ya kazini muhula wa pili. Asipoenda, itabidi alipe muhula mwingine mzima kwa ada ya mgeni, na baba yake hakuwa na kiwanja cha pili.

"Sasa nimwambie nini babangu, anko?"

Sikuwa na jibu la kumwamuru aandike.

"Umefungua shule bila kibali," mke wangu akasema nilipomweleza, "sasa wakaguzi wamekuja." Lakini alipoona sijacheka akaniambia niende nikaseme mimi ndiye niliyewafundisha. Nikamwambia ninaweza kuandika barua. "Barua!" akasema. "Utatoka nyumbani humu, utavaa shati la harusi, utakwenda."

Nikavaa shati la harusi. Ofisi ilikuwa ghorofa ya pili, mahali nilipokuwa sijawahi kufika, kwa sababu darasa letu lilikuwa chini. Mratibu alikuwa mwanamke mwembamba, mpole wa sauti, jambo lililonitisha zaidi. Karatasi zetu tatu zilikuwa mezani, zimepakwa wino wa njano mistari ileile. Mwalimu alikuwa ameketi kando, kofia yake gotini.

"Mlikaa pembe tatu tofauti," akasema. "Nilikuwa nawaangalia. Wiki nzima najiuliza mlifanyaje." Hakuonekana kukasirika sana. Alionekana kama mtu aliyeibiwa macho yakiwa wazi.

Mratibu akamgeukia binti. "Mama yako ana duka?"

"Ndiyo," binti akasema. Kisha akanitazama. "Hapana. Ni mamake anko."

"Na wewe?" akamuuliza Mkongo.

"Mama yake ni mama yetu, madamu," Mkongo akajibu kwa heshima zote. "Kwetu ni vile."

Mratibu akaandika kitu. Kwa jinsi alivyokipigia mstari, nilijua hakikuwa kizuri.

Nikasema. Nikatafuta neno la Kiingereza la kukariri ambalo halisikiki kama wizi, sikulipata, nikaeleza kwa urefu: majibu ni yangu, duka ni la mama yangu, hawa niliwaamuru, waliyashika kichwani, hakuna karatasi wala simu iliyoingia darasani. Kama kuna adhabu nipeni mimi, binti huyu mmuachie.

"Kila mtu aliandika jina lake juu ya karatasi yake," mratibu akasema.

"Kichwani?" mwalimu akauliza. "Neno kwa neno?"

"Na nukta zake," nikasema.

Hakuamini. Akatoa ile karatasi ya maswali sita, akachagua la sita, ambalo halikutoka kwenye mtihani. Lilikuwa juu ya kupanga mizigo kwenye paleti, zile fremu za mbao, mizito chini, miepesi juu. Nikaanza. Nilikuwa kwenye sentensi ya pili mratibu aliponinyooshea kiganja ninyamaze, akamwonyesha binti. "Endelea wewe."

Binti akasimama. Hakuna aliyemwambia asimame. Akaweka mikono nyuma, akatazama ukuta juu ya kichwa cha mratibu, akaendelea kutoka pale pale nilipokatizwa, katikati ya sentensi, hakurudi nyuma hata neno moja. Alipofika nusu wakamkatiza, wakamwonyesha Mkongo. Naye akasimama, akamalizia, kwa lafudhi ya Bukavu na macho yamefumbwa, hadi kwenye maneno yangu ya kufungia, ambayo mle ofisini yalisikika ya kijinga kuliko yalivyosikika sebuleni.

Mwalimu akakuna ndevu.

"Nimefundisha hapa miaka mingi," akasema, "na sidhani kama kuna mtu aliyewahi kukumbuka hata jina la kitabu."

Mratibu hakucheka, lakini kalamu aliiweka chini. Akatuambia tutoke tusubiri. Tulikaa kwenye viti vya korido bila kutazamana. Mkongo alikuwa anasali kwa Kifaransa. Tulipoitwa tena mratibu akatupa uamuzi. Kunakili, hapana, hilo analiondoa. Lakini swali lilitaka maisha ya mtu mwenyewe, na wawili kati yetu waliandika maisha ya mwingine, na mimi niliyagawa. Kwa hiyo wiki ijayo tutafanya mtihani mwingine, watatu sote, humo ofisini, swali hatulijui, mfano utakuwa wetu, na haturuhusiwi kujitayarisha pamoja. Matokeo ya huo ndiyo yatakayohesabiwa.

Nilishuka ngazi nikidhani tumepona. Binti hakudhani hivyo.

Jumapili akaja peke yake. Alisema amekuja kumsaidia mke wangu kupika, lakini alikuwa hajamenya hata kiazi kimoja alipogeuka kunitazama.

"Anko, mimi sina mfano. Wewe ulikuwa ghalani, huyo mwingine alikuwa na lori. Mimi nimetoka shule nikaingia ndege. Nitungie moja tu. Fupi. Sitamwambia mtu."

Nakiri kwamba nilikuwa nimeshautunga. Ulikuwa mfukoni mwa shati, umekunjwa mara mbili. Ulihusu shangazi mwenye stoo ya mahindi, na sentensi yake ya mwisho ilikuwa nzuri kuliko ile ya ukungu. Mkono wangu ulikuwa njiani.

"Kwenu mlikuwa mnafanya nini?" mke wangu akauliza, bila kuacha kukata vitunguu.

"Nani, mimi? Kazi ya nyumba tu. Ng'ombe."

"Ng'ombe gani hao, wa nyama?"

"Wa maziwa. Mimi ndio nilikuwa napeleka maziwa kituoni, kabla lori ije. Kila siku kabla ya shule, ati kwa sababu mimi ndio mkubwa. Na hiyo lori haingoji mtu." Akachukua kiazi, akaanza kukimenya kwa hasira. "Siku moja ndugu yangu akachanganya ya jioni na ya asubuhi ndani ya mkebe mmoja, ndio asibebe mbili. Huyo mtu wa kituo akafungua, akanusa, akamwaga yote. Yote! Na ya asubuhi ilikuwa mzuri, haina shida. Babangu akanichapa mimi, si yeye. Ati mimi ndio nilipaswa kujua ya jana haingii na ya leo. Na hata sasa, nikikumbuka hiyo maziwa ikishuka kwa mtaro..."

Mke wangu alikuwa ameacha kukata. Mimi nilikuwa nimeshafungua mdomo. Hadithi ilikuwa nzuri, lakini ilihitaji kunyooshwa: mwanzo uwekwe vizuri, kile kichapo cha baba kitolewe, na mwishoni pale...

"Usiiguse," mke wangu akaniambia.

"Sijasema kitu."

"Nakujua. Usiiguse."

Binti akatutazama kwa zamu, kisu kikiwa juu ya kiazi. Kisha akakiweka kisu mezani. "Hiyo?" akasema. "Si hiyo ni maziwa tu."

Mke wangu akarudi kwenye vitunguu, mimi nikatoka jikoni kabla sijamwambia abadilishe "mkebe". Nikaenda chooni, nikaichana karatasi ya shangazi wa mahindi vipande vidogo, nikavuta maji.

Siku ya mtihani tuliwekwa kwenye meza tatu. Swali lilikuwa juu ya hasara ghalani: inavyotokea na jinsi ya kuizuia. Nilimwona binti amelitazama swali muda mrefu bila kuandika. Kisha akainama. Aliandika, akafuta, akaandika, bila kutabasamu safari hii. Mkongo aliandika kama anayejaza fomu ya uhamiaji. Mimi nilimaliza wa kwanza. Nilikuwa nimeweka sentensi tatu nzuri za kitabu na moja ya kwangu yenye busara, na mfano wangu ulikuwa wa Malton, ambako nilifanya kazi miaka mingi na ambako, nilipojaribu kukumbuka hasara hata moja, nilikuta nilikuwa natazama saa.

Matokeo yalitoka mtandaoni baada ya siku tano. Simu ikalia, ni yeye.

"Anko! Sabini na moja! Naenda mafunzo, aki, naenda! Nimeshampigia babangu, analia, hata hasikii ninachosema." Mkongo alikuwa amepata hamsini na nane, amevuka chupuchupu, tayari alishamtumia ujumbe. "Na wewe umepata ngapi?"

Nikamwambia mtandao wa huku nyumbani unasumbua.

"Anko. Umeanguka?"

"Nimejikwaa," nikasema. "Arobaini na sita."

"Ai! Si wewe ndio mwalimu?"

"Ndiyo."

"Utarudia somo?"

"Muhula ujao. Saa mbili asubuhi."

Nikamsikia akijizuia, kisha akashindwa. Akacheka, akaomba radhi, akacheka tena hadi akakohoa. Nami nikamwacha. Tangu ile barua pepe nilikuwa sijamsikia akicheka.